Je, Ni Dhambi Kujitolea kwa Ajili ya CV?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kibosho. Jioni moja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinifuata jikoni nikiwa nachochea moto, mkononi ana simu na karatasi mbili. "Kaka, nisaidie hii barua." Anaomba kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijerumani amekisoma mjini Moshi, akishuka na kupanda na daladala kwa miezi mingi, na mtihani wa kwanza ameshafaulu. Sasa amekwama kwenye swali moja la fomu: kwa nini unataka kujitolea?

Alikuwa ameandika kwamba tangu utotoni moyo wake unawaka kwa ajili ya wahitaji. Nikasoma, nikamtazama. Akacheka mwenyewe kabla sijasema kitu.

"Haya, kiukweli? Nataka lugha ikae vizuri, nipate uzoefu, halafu niombe kusomea uuguzi hukohuko. Nataka kazi, kaka. Nimemaliza kidato cha sita, huu mwaka wa tatu nipo tu." Akanyamaza kidogo. Halafu akaniita vile anavyoniita akiwa na jambo zito. "Frateri, hivi hiyo ni dhambi?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Ndivyo tulivyo sisi tuliosoma falsafa: ukituuliza njia ya kwenda stendi, tunaanza kujiuliza stendi ni nini. Lakini swali lake lilininyima usingizi, na najua wengi wenu wa TYCS, TMCS na VIWAWA mnalo, hata kama hamjawahi kulitamka mbele ya mtu.

Kwanza tusidanganyane. Faida zipo, na ni kubwa. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wao nchi za kusini, Tanzania ikiwemo. Kuanzia mwaka 2013 ukafungua mlango wa pili, vijana wa huku waende kule. Wanaoenda huingizwa katika utaratibu wa kujitolea ambao Wajerumani waliuanzisha mwaka 2011, walipoacha kuwalazimisha vijana wao kwenda jeshini. Unapata mahali pa kulala, bima ya afya, posho ndogo ya mfukoni, na siku 25 za semina ndani ya mwaka. Mshahara haupo. Lakini ukitoka hapo unaongea Kijerumani cha watu, siyo cha kitabu, na kuna mtu kule anayeweza kuandika kwamba anakufahamu na amekuona ukifanya kazi. Kwa anayetaka kusomea uuguzi kulekule, mafunzo ya miaka 3 ambayo mwanafunzi hulipwa huku akisoma, hiyo siyo hatua ndogo.

Na siyo Wajerumani peke yao. Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake, wengi wao wahandisi na wapima ardhi wa kazi za barabara. Serikali yao ikaweka utaratibu wa kuwarahisishia wanaorudi kupata ajira serikalini. Yaani waliotunga mipango hii walijua toka mwanzo kwamba anayekwenda kutoa atarudi na kitu.

Halafu tujiangalie na sisi. Ni walimu wangapi wamemaliza chuo na sasa wanajitolea shule za kata, wakisubiri ajira zitangazwe? Wauguzi je? Kila mtu kijijini anajua yule binti anafundisha bure ili siku nafasi ikitoka jina lake liwe karibu. Hakuna anayemwita mwenye dhambi. Tunasema anajitolea, Mungu atamwona. Sasa ikiwa kwa shule ya kata tunasema Mungu atamwona, kwa nini kwa Ujerumani tuanze kupima moyo wake?

Usiku ule nilifungua Injili ya Mathayo, sura ya 19. Kijana tajiri ameondoka kwa huzuni, na Petro anaona hapa ndipo pa kuuliza swali lake: sisi tumeacha vyote, basi tutapata nini? Mimi ningekuwa mlezi wake seminarini, ningeandika kwenye ripoti kwamba huyu aangaliwe. Yesu hakumkaripia. Alimwahidi viti, akamwahidi mara mia. Ila hakuishia hapo. Palepale, mwanzoni mwa sura ya 20, anasimulia habari za vibarua wa shamba la mizabibu, ambapo aliyekuja saa kumi na moja analipwa sawa na aliyechomwa na jua kutwa nzima. Tatizo ni kwamba sura imekatwa katikati, kwa hiyo tunazisoma kama habari mbili zisizojuana. Ukizisoma kwa pamoja unaona Petro amejibiwa mara mbili: malipo yapo, ila anayeyapima ni mwenye shamba.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwa namna yake kavu, anauliza katika Summa kama mtu anaweza kukusudia mambo mawili kwa wakati mmoja. Anajibu ndiyo, na anatumia mfano wa ulimi: umewekwa ili uonje, na pia ili uongee. Hakuna anayeulaumu ulimi kwamba unakisaliti chakula kwa sababu unaongea pia. Basi mtu anaweza kumwogesha mzee kwa kuwa mzee anahitaji kuoga, na pia kwa kuwa yeye mwenyewe anataka kuwa muuguzi. Tena nadhani huyo wa pili ataoga vizuri zaidi. Moyo safi usiojua namna ya kumwinua mgonjwa kitandani unaweza kumvunja mtu nyonga.

Hata historia ya mlima wetu ina mambo haya. Mwaka 1890 Askofu de Courmont wa Wamisionari wa Roho Mtakatifu alisafiri kutoka pwani hadi Kilimanjaro pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, na matunda ya safari ile ni misheni ya Kilema. Le Roy aliandika kitabu juu ya safari hiyo, mwaka 1892 akafanywa askofu wa Gabon, na mwaka 1896 akachaguliwa kuongoza shirika lote. Gommenginger alibaki huku mlimani kwenye migomba. Safari ilikuwa moja. Je, tuseme mmoja alitumwa na Mungu na mwenzake alikuwa anatafuta cheo? Sisi wajukuu hatuna njia ya kujua. Tunachojua ni kwamba Kilema inatajwa kuwa ndiko kahawa ilikoanzia kupandwa mlimani, na kwamba ilipofika mwaka 1933 wakulima wa Kichagga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU. Ada za shule za babu zetu wengi zilitoka kwenye kahawa hiyo. Le Roy kupanda cheo hakukumpunguzia mtu yeyote kitu huku.

Hadi hapo, mdogo wangu alikuwa salama. Lakini kuna jambo lilinikatalia kulala, na halikutoka kitabuni.

Nikiwa darasa la nne, shuleni kwetu walikuwa wanakuja vijana wa Kizungu kufundisha Kiingereza. Leo ukipita karibu na Mnara wa Saa pale Moshi utawaona bado, na mabegi yao mgongoni na chupa za maji. Kundi moja lilikaa wiki tatu, likaondoka, likaja lingine. Kila kundi lilianza na wimbo wa rangi. Nyekundu, kijani, bluu. Mwaka ule tulijifunza rangi mara tano. Safari ya tatu tulipoona wanabandika makaratasi ya rangi ubaoni, darasa zima likaanza kujibu kabla ya kuulizwa, na yule dada aliyekuwa anafundisha akaishiwa nguvu, maana somo lake la wiki nzima lilikuwa limekwisha kwa dakika mbili. Baada ya hapo mwalimu wetu alitusihi tujifanye hatujui, ili wageni wasijisikie vibaya. Tukajifanya. Tulikosea "green" na "blue" kwa makusudi, tukapigiwa makofi tulipopatia, tukapigwa picha.

Nimewahi kusimulia hili seminarini na wenzangu wakacheka sana, na mimi nilicheka. Lakini fikiria kidogo: ni nani alikuwa anajitolea pale? Wale vijana walirudi kwao na barua nzuri za kuombea vyuo na kazi. Sisi tulitoa wiki tatu mara tano za masomo yetu, wala hatukuulizwa. Sisemi walikuwa watu wabaya. Dada mmoja alilia siku ya kuaga, na machozi yalikuwa ya kweli. Sisi tulilia na kundi la kwanza. Kundi la tatu hatukulia.

Kwa mtoto anayelelewa kituoni jambo hili ni zito kuliko rangi, kwa sababu yeye kila anayemzoea anaondoka. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, ulizitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na mipango ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, ikiwemo ile ya kitalii. Na miaka 51 kabla ya hapo, mwezi Aprili 1968, padre mmoja aliyeitwa Ivan Illich alisimama mbele ya wanafunzi wa Kimarekani waliotaka kusaidia vijijini huko Mexico, akawaambia bila kupaka sukari kwamba nia yao njema haitoshi. Waje kutazama, waje kusoma, ila wasije kama wasaidizi. Mimi siendi mbali kama Illich. Nikimfuata yeye, hata Padre Gommenginger angegeuzia njiani. Ila tungekuwa na mtu kama yeye shuleni kwetu mwaka ule, ningalijua hesabu vizuri zaidi.

Hapa ndipo Kant ananisaidia. Mwaka 1785 aliandika kwamba ubinadamu wa mtu usitumiwe kamwe kama njia tu, bali siku zote uwe lengo pia. Watu wengi wanaisoma sentensi hiyo na kuliruka neno dogo "tu". Kila siku tunatumiana kama njia. Ninapanda bodaboda, ninamtumia dereva kufika, naye ananitumia kupata elfu mbili, na hakuna aliyedharauliwa. Mwanafunzi wa udaktari pale KCMC anajifunzia kwa mgonjwa, ndiyo, lakini mwalimu wake amesimama nyuma yake na mgonjwa anatibiwa. Kosa linaingia pale mtu anapobaki kuwa njia tu, pale ambapo ukiondoa picha na barua ya utambulisho, yeye hana alichopata. Sisi wa darasa la nne tulikuwa ubao wa kuandikia wasifu wa watu wengine.

Kwa hiyo kesho yake, tukimenya ndizi za mtori, nilimwambia mdogo wangu hivi: usijiulize kama utapata faida. Utapata, na umshukuru Mungu. Jiulize faida yako inalipiwa na nani. Kama yule bibi wa Kijerumani ataogeshwa vizuri, ataitwa kwa jina lake, na atakuwa na mtu wa kumsikiliza akirudia hadithi ileile kwa mara ya kumi, basi wewe ukipata lugha na kazi umepata haki yako. Lakini kuna siku zitakuja ambazo kazi yako haikuongezei chochote. Msimamizi hayupo, lugha umeshaijua, barua umeshaandikiwa, na bibi amechafua shuka saa tisa usiku. Siku hiyo ndiyo itakujibu swali lako. Mimi siwezi kulijibu leo, na wewe pia huwezi.

Akaniuliza, "Na wewe umejuaje?"

Alinipata. Ikabidi nimsimulie ambalo sikuwa nimepanga kumsimulia mtu, na nyie nawaambia kwa sababu nimechoka kusoma tafakari za mafrateri wasiokosea. Baada ya falsafa nilipelekwa mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja yenye kituo cha wazee. Sisi waseminari hatuna CV, lakini tuna ripoti. Paroko anaandika, inakwenda kwa mlezi, inafika kwa askofu. Basi mimi nilikuwa nakwenda kuwanyoa wazee na kuwakata kucha, na nilikuwa najisikia vizuri kweli, hadi siku moja nilipokwenda kuchukua ufunguo niliousahau. Kulikuwa na mzee mmoja asiyeona, hukaa mlangoni akiota jua. Akanitambua kwa hatua zangu. "Frateri," akasema, kwa upole kabisa, bila kejeli yoyote, "leo Padre amesafiri, mbona umekuja?"

Yaani alikuwa anajua. Asiyeona ndiye aliyekuwa ameona ratiba yangu, kwamba huja siku ambazo gari la Paroko lipo. Wote walijua, na waliendelea kunyoosha vidole vyao nivikate, kama sisi tulivyokosea rangi ili wageni wafurahi. Bwana wetu alipofundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kulia, nadhani alijua pia kwamba tukitaka kuhesabu, anayehudumiwa ndiye wa kwanza kusikia mlio wa kuhesabu.

Nilikwenda kuungama. Padre hakunikataza kwenda kwa wazee, alinipa kitubio cha kwenda kila Jumatatu, siku ambayo Paroko hupumzika nje ya parokia. Jumatatu ya kwanza nilijiona mnafiki zaidi kuliko mwanzo. Sikumbuki ni Jumatatu ya ngapi nilipoacha kujitazama.

Mdogo wangu alisikiliza yote hayo bila kusema neno, akasonga mbele na ndizi zake. Halafu akafuta mikono, akachukua karatasi, akakata ile sentensi ya moyo unaowaka. Akaandika kwa Kijerumani, akanisomea kwa Kiswahili: nataka kuwa muuguzi, na nataka kujifunza kwa kufanya kazi ambayo mtu mwingine anaihitaji kweli. Nikamwambia imetosha, usiongeze.

Kumbe tulikuwa hatujamaliza. Ukurasa wa pili uliuliza: una uzoefu gani wa kujitolea? Alikuwa ameandika neno moja, "Sina."

Sasa niwaambie kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekizoea hadi sikioni. Bibi yetu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo anayemwamsha, anayemwogesha, anayembadilisha nguo, anayemlisha mtori kijiko kwa kijiko na kumgeuza usiku asipate vidonda ni huyuhuyu binti. Hata Kijerumani alikisoma hivyo, asubuhi darasani, mchana kwa Bibi.

"Andika hilo," nikamwambia.

Akanishangaa. "Hilo siyo kujitolea, kaka. Huyo si ni bibi?"

Nikaanza kumweleza kwamba kule wanataka kujua kama unaweza kazi, na hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Akakataa. Akasema akishaandika, kuanzia kesho kila akimwinua Bibi atakuwa anaiona ile fomu. Sikuwa na jibu. Mimi niliyemfundisha jana kwamba faida siyo dhambi nilikuwa nimeshindwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia Kant. Na kulikuwa na swali lingine ambalo wote wawili tulikuwa tunalizunguka: akienda kuwatunza bibi za watu, wetu atabaki na nani? Mama mdogo amesema atapunguza siku za sokoni. Mimi likizo yangu ilikuwa inaisha Jumamosi.

Mwishowe alinyanyuka, akaenda chumbani kwa Bibi kumwuliza mwenyewe. Nilimsikia akimweleza polepole kwa Kichagga habari ya fomu, ya wazungu, ya wazee wao. Bibi siku hizi anaongea kwa shida, maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo. Kukawa kimya kirefu. Halafu nikasikia wote wawili wanacheka, na mdogo wangu akarudi jikoni akijifuta macho.

"Amesema niandike," akasema. "Amesema pia niwaambie kwamba huwa namwogesha na maji ya moto mno."